Bado Lipo?

Belo la makoti hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri,
Mwanjelwa bado giza na mvuke wa midomo.
Utepe wa chuma unakatwa, twa!
na nguo zinavuta pumzi
kama abiria walioshuka safari ya siku tatu.
Wenzangu wanagombea kola.
Mimi nageuza ndani kuwa nje: bitana, zipu, kwapa.
Uongo wa koti hukaa kwapani.
Nachukua sita tu. Mtaji una kimo chake.

Nyumbani Isanga kuna ukuta mmoja
ambao jua huufikia saa mbili kasoro,
likishavuka bega la Loleza.
Nina dakika arobaini. Zikipita
kila bluu inageuka nyeusi pichani,
na mteja wa Tunduma atarudisha mzigo kwa nauli yangu.

Msumari wa kulia, koti la kuuza.
Msumari wa kushoto, koti la mama.
Sikulitundika kwa biashara. Lilikuwepo
kabla ya simu, kabla ya bando:
la kijani, kifungo cha tatu cheusi peke yake
kama mkwe kwenye kikao cha ukoo.
Ndilo alilotoka nalo mwilini usiku soko lilipoungua.
Vingine vyote alivyokuwa navyo vilikuwa mezani.

Naandika: Kifua inchi ishirini na mbili,
kwapa hadi kwapa, likiwa limelazwa.
Mkono wa kushoto una tundu la sigara, tazama picha ya nne.
Bitana nimeishona mwenyewe.
Subilaga alinicheka: "Nani anatangaza tundu?"
Tundu nililolitaja, nikamwambia, halirudi na basi.

Wakaanza kuulizia la nyuma.
Hilo la kijani bei gani?
Hilo haliuzwi.
Mwisho kabisa dada?
Haliuzwi.
Mtu wa Tukuyu alipandisha hadi elfu sitini
nami nilikuwa nadaiwa kodi.
Nilizima simu, nikapika, nikaiwasha.
Haliuzwi.

Kisha akaja mwizi wa picha.
Jina langu, picha zangu, namba yake.
Bei ya chini kidogo tu, ile ya kumtoa mtu akili.
Na kila picha ameikata kona ya kushoto;
pengine aliona koti kuukuu linaharibu duka.

Mwalimu Mgaya wa Makambako
alikuwa ameshaandika tarakimu zote za siri isipokuwa moja.
Kidole kikasita. Akamuuliza yule:
"Koti la mama yako leo liko wapi?"
Akajibiwa: "Lipo stoo, nikupe kwa ishirini?"
Mwalimu akanipigia akicheka,
halafu wote wawili tukanyamaza.

Wengine wawili hawakuuliza.
Mmoja alinitukana mpaka betri yangu ikaisha.
Nilimtumia sweta bila bei, bila barua.
Hakujibu.
Mwezi uliofuata aliagiza suruali mbili,
akalipa kabla sijamtajia jumla.

Leo ni Julai, na Julai ya Mbeya haibembelezi.
Mizigo mitano: mifuko ya sandarusi, kamba ya katani,
mafundo mawili, jina la mteja kwa wino mzito.
Kondakta wa Sumbawanga haniulizi kilichomo,
anajua mkono wangu unavyofunga.
Upepo unashuka kutoka Uyole
na mimi nimeacha msumari wa kushoto mtupu.

Mfukoni simu inatetemeka.
Mtu mpya, hana hata picha:
Samahani. Lile la kijani, la kifungo cheusi.
Bado lipo?

Navua glavu, naandika kwa kidole cha baridi:
Lipo.
Nimelivaa.